Kosa la Bi Mita

Ofisini walimwita Bi Mita, naye alishazoea. Kwa miaka tisa alikaa kwenye meza ya dirishani, kompyuta mbili mbele yake, akipima barafu ya mlimani. Setilaiti ikipita angani hurusha mawimbi ya rada. Yanagonga barafu na kurudi, na kutokana na muda wa safari hiyo unapata kimo cha uso wake. Linganisha picha ya zamani na ya sasa, utajua barafu imeshuka kiasi gani.

Ripoti ya kwanza aliyoiandika peke yake ilisema imeshuka mita sita kwa miaka mitatu. Mkuu wa ofisi alifurahi mno, akaalika watu waje kuisikia. Ikiwa imebaki wiki moja, Bi Mita akampigia simu kaka yake, mpagazi wa watalii, ambaye kila akipanda huwasomea watu wa hifadhi nguzo zilizochomekwa kwenye barafu kupima inavyoshuka.

"Sita?" Kaka akaangua kicheko. "Mdogo wangu, nguzo zinasema mbili na kitu. Hizo nyingine umeziyeyusha wewe na kompyuta yako."

"Kaka, hii ni setilaiti!"

"Na mimi nilikuwepo Jumanne. Theluji mpya imejaa, imenizamisha hadi mapajani. Kavu kama unga."

Bi Mita alikata simu amenuna. Lakini lile neno "kavu" lilimkaa kichwani. Akafungua tarehe za picha. Ya zamani ilipigwa msimu wa joto, theluji ikiwa imelowa. Ya sasa, katikati ya baridi. Theluji iliyolowa hurudisha mawimbi juu kwa juu. Kavu huyaacha yazame mita kadhaa kwanza, na barafu ikaonekana iko chini kuliko ilivyo. Jambo hilo alilisoma chuoni. Haraka tu ndiyo iliyomponza.

Asubuhi aliingia kwa mkuu.

"Bosi, nimekosea. Naomba miezi miwili."

"Miwili! Na wageni je?"

"Watu wa bondeni watapanga maji ya mashamba yao kwa namba hii."

Mkuu akavua miwani, akajifikicha macho.

"Haya, karekebishe. Wageni niachie mimi. Na hizo namba za kaka yako ziweke humo."

Safari hii alilinganisha picha za msimu mmoja. Zikatoka mita mbili na nusu. Bado ni hasara, hakuna aliyepiga makofi. Ila ilikuwa kweli.

Ripoti ilipotoka, alimsomea kaka ukurasa wa shukrani kwenye simu.

"Wameniandika mpagazi?"

"Wamekuandika msoma nguzo."

Kaka akakohoa kidogo. "Hebu soma tena, wifi yako naye asikie."

Akasoma tena, polepole, hadi mwisho.