Wageni Wawili kutoka Ruiru

Mama yangu alikataa intaneti mara mbili kabla sijamwekea kwa ujanja. Mara ya kwanza alisema hana la kufanya nayo. Mara ya pili alisema, "Mimi niko na miguu na wewe uko na miguu. Hiyo waifai ni ya watu hawana." Nilicheka kwenye simu, lakini nilielewa anamaanisha nini, na iliniudhi. Mimi naishi Gatongora, Ruiru, katika nyumba ya kupanga. Yeye yuko mashariki ya Thika, upande wa Gatuanyaga, peke yake tangu baba afariki, na ng'ombe mmoja na kuku asiowahesabu. Ni safari ya saa moja hivi, ukikosa bahati saa moja na nusu. Mwaka ule nilikuwa nimeenda mara tatu, na mojawapo ilikuwa ni kwa sababu ya mazishi ya jirani.

Basi nikaamua nitamnunulia televisheni mpya, nimwekee na intaneti, tuwe tunaonana kwa video kila Jumapili. Niliwaambia wenzangu kazini kwamba namfanyia mama jambo kubwa, wakanisifu. Sikuwaambia kwamba lengo lilikuwa kupunguza safari. Wala sikuwaambia kilichokuwa kinanichosha hasa kule nyumbani. Nina miaka thelathini na minane, sijaoa, na mama hajawahi kuniuliza waziwazi nitaoa lini. Yeye huuliza kwa kuzunguka. Atataja kwamba binti ya mwalimu fulani bado yuko kwao, halafu anyamaze, aniongezee chai. Atatoa kabatini sahani mpya zilizofungwa kwa gazeti, azifute vumbi mbele yangu, kisha azirudishe. Nikiwa pale sebuleni sina pa kukimbilia. Kwenye simu, nilifikiri, kuna kitufe cha kukata.

Kampuni niliyoipata ni ndogo, ina ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Ruiru. Waliniambia kule kwa mama waya zao hazijafika, kwa hiyo wangeweka antena juu ya paa ielekee mnara ulio mjini Thika. Lakini lazima mwenye nyumba awepo, kwa sababu kuna ukuta wa kutoboa. Siku yao ilikuwa Jumamosi. Jumamosi mama hukutana na kikundi cha kina mama wa kanisa, na hangekikosa kwa ajili ya kitu alichokwisha kukataa mara mbili. Nikampigia.

"Mum, Jumamosi usitoke. Nakuja na watu."

"Watu wangapi?" akauliza.

"Wawili."

"Wa wapi?"

"Wa huku Ruiru."

Nikasikia akiweka kikombe mezani polepole. Mama huniita baba, kwa kuwa nimepewa jina la baba yake, lakini sauti aliyoniitia siku hiyo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi. "Ni sawa, baba," akasema. "Tutakuwa tayari."

Msomaji asiyetoka kwetu pengine hajaona kilichotokea hapo. Kwetu, mwanamume asiyeoa akimwambia mama yake anakuja na watu, asiseme ni watu gani, amemaliza kusema. Hakuna anayepiga simu kutangaza kwamba analeta mchumba. Unasema "nakuja na watu", na mama anajua cha kupika. Nami nimekulia humo. Nilisikia sauti yake ikibadilika, nikasikia na lile "tutakuwa", na nikajua. Naliandika hapa kwa sababu sijawahi kulisema popote: nilijua. Maneno manne yangetosha, "Mum, ni mafundi tu." Sikuyasema. Nilijiambia labda nimesikia vibaya, nikieleza atakataa mara ya tatu, na cha muhimu ni mlango ufunguliwe. Nikasema haya mum, nikakata.

Mafundi walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume. Mwanamke ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi, na ovaroli lake la bluu lilikuwa na maandishi ya kampuni mgongoni. Mwanamume aliendesha pikapu na hakuwa na maneno mengi. Ngazi ilifungwa nyuma pamoja na bunda la waya, na mimi nilikaa kiti cha nyuma nimeikumbatia televisheni. Njiani yule fundi mwanamke aliniuliza kama mama anajua mambo ya rimoti, nikamwambia atajifunza.

Lango lilikuwa wazi kabisa. Uwanja ulikuwa umefagiwa hata njia za ufagio zilikuwa bado zinaonekana kwenye udongo. Kabla pikapu haijasimama, kina mama kama sita wa kile kikundi cha kanisa walitoka nyuma ya jikoni, vitambaa vya kichwa rangi moja, leso viunoni, wakipiga vigelegele. Katikati yao alikuwa mama yangu, amevaa gauni la kitenge ambalo sikuwahi kuliona.

Fundi mwanamke akaniangalia kwenye kioo. "Bosi, kuna sherehe hapa?"

"Wanapenda wageni," nikasema.

Yeye ndiye aliyeshuka kwanza. Mama alimfikia kabla sijatoka na televisheni yangu, akamkumbatia upande huu na upande ule, kisha akamshika mikono yote miwili. "Karibu nyumbani, mami," akamwambia. "Karibu sana. Tumekungoja." Fundi, kwa adabu zake, akasema asante mum. Vigelegele vikaongezeka. Jirani yetu, mkubwa kwa umri kuliko wote pale na ndiye huongoza nyimbo, akaanzisha wimbo wa kupokea wageni, wenzake wakaitikia. Wakati huohuo yule fundi mwingine akashuka, akazunguka nyuma ya pikapu na kuanza kufungua ngazi.

Ngazi ndiyo iliyosema kabla yangu. Wimbo ulikatika sauti moja baada ya nyingine. Mama aliitazama ile ngazi, akalitazama ovaroli, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na boksi la televisheni limenifika kidevuni.

"Mum," nikasema, "hawa ni mafundi wa waifai."

Mama mmoja wa nyuma ambaye hakusikia akapiga kigelegele kingine, peke yake.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Ningependa kusema ilikuwa ni kwa ajili ya mama, lakini dakika ile ya kwanza ilikuwa ni kwa ajili yangu tu, jinsi ninavyoonekana mbele ya mafundi. Ya mama ilinifikia nilipoona kwamba bado hajaiachilia mikono ya yule fundi. Kwa miaka mingi mama ameenda kwenye sherehe za mahari za watoto wa wenzake, akamenya viazi, akaosha sufuria, akaimba langoni kwa watu. Siku hiyo walikuwa wamekuja kumrudishia. Sasa kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa akijirekebisha leso isiyo na shida yoyote, akingoja kusikia mama atasema nini.

"Kwani mafundi si watu?" mama akasema, na sauti yake haikutetemeka. "Wametoka mbali. Watakula kwanza, hiyo kazi itangoja."

Na wakala. Kulikuwa na mukimo wa viazi vya kuponda, kuku wawili, chapati, wali na njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, na zile sahani mpya zilikuwa zimetolewa kwenye magazeti yake. Mama aliwanawisha mafundi mikono yeye mwenyewe. Jirani aliombwa aombee chakula, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa amejiandaa na maombi mengine, maana alianza, "Bwana, tunakushukuru kwa huyu msichana umetuletea," akakwama, akakohoa, akaendelea, "na kwa kazi ya mikono yake, na hiyo mashine yake ipate nguvu." Amina ilitoka haraka. Mama mmoja mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nilikuwa nauzungusha wali sahanini, na mama akaniongezea paja la kuku bila kuniuliza.

Kazi yenyewe ilichukua saa mbili. Fundi alipanda juu, akawa anaigeuza antena kidogo kidogo huku mwenzake akimsomea namba kutoka chini, mpaka ikapata mnara. Kina mama hawakuondoka. Walikaa kivulini wakimwangalia mwanamke mwenzao akitembea juu ya mabati, na mazungumzo yakaanza kurudi. Jirani akasema kwa sauti ya kusikika hata kule juu, "Huyu hata angekuwa wetu sikatai!" Wakacheka wote, na mama naye akacheka. Kicheko chake ndicho kilichochelewa kuanza, na ndicho kilichowahi kuisha.

Fundi aliposhuka nilimfuata nje nimsaidie kukunja waya uliobaki.

"Bosi," akaniuliza polepole, "kwani hukuwaambia tunakuja kufanya nini?"

"Niliwaambia. Labda hawakuelewa."

"Mm." Akaukaza ule waya. "Venye mum wako alinishika mkono, mimi nilijua kuna kitu. Si ungetushow hata sisi."

Hakungoja nijibu. Aliingia ndani, akamwonyesha mama namna ya kuwasha televisheni, taratibu, mara tatu, akimwacha abonyeze mwenyewe. Walipokuwa wakiondoka mama aliwafungia chapati na mayai kumi, na fundi akamkumbatia tena bila kuambiwa.

Jua lilikuwa halijatua kina mama walipomaliza kugawana chakula kilichobaki na kwenda zao. Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa amevua lile gauni la kitenge na kuvaa sketi yake ya kila siku, ameinamia sufuria kubwa, anasugua.

"Baba."

"Mum."

"Nikuulize kitu. Venye ulinipigia simu, ulijua nimefikiria nini?"

Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya maji. Hakugeuka. Leo naona kwamba alikuwa ananipa nafasi, na kwamba kutogeuka kwake kulikuwa ni kunirahisishia. Ningesema ndiyo, angenifokea, ningeinamisha kichwa, na kabla ya chai ya jioni angekuwa amenisamehe. Namjua mama yangu. Nilikuwa na umri wa mtu mzima, kazi nzuri, risiti ya televisheni mfukoni, na niliogopa kufokewa.

"Hapana, mum. Ningejuaje?"

Akashusha pumzi. "Hata mimi nimewaambia hivyo. Nimewaambia mtoto wangu hawezi kunifanyia kitu kama hiyo akijua." Akaanza kusugua tena. "Ni mimi nilikuwa na haraka. Unisamehe, baba, nimekuaibisha mbele ya watu wako."

Nikamwambia si kitu. Nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa sahani, na sikumwangalia mpaka tulipomaliza.

Sasa tunaonana kwa video kila Jumapili, kama nilivyotaka. Picha haikatikikatiki, na mama hunionyesha ng'ombe na namna mahindi yalivyo. Habari za kuoa hazigusi tena, hata kwa kuzunguka, na hilo nalo ndilo nililolitaka. Nyumbani nimeenda mara moja tu tangu siku ile.

Jumapili iliyopita jirani alikuwa amekaa naye kwenye kochi. Aliponiona akaisogelea simu mpaka nikawa naona paji la uso tu. "Wewe kijana! Siku ingine ukituletea watu, utuambie kama ni wa kupikiwa ama ni wa kupanda juu ya nyumba!" Akacheka hadi akakohoa. Mama akamnyang'anya simu.

"Wachana na mtoto wangu," akasema, na hakuwa anatania. "Hakujua. Kila siku nakwambia hakujua." Kisha akanigeukia mimi, akanitazama moja kwa moja. "Si ndiyo, baba?"

Kwenye kona ya skrini, katika kile kidirisha kidogo ambacho mtu hujiona, nilimwona mwanamume akiitikia kwa kichwa.

"Ndiyo, mum," nikasema. "Sikujua."