Mfupa wa Ploti

Nikipita kwenye vibanda vya supu Kariobangi, harufu ya mifupa inayochemka hunichefua mpaka natema mate. Nakumbuka ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mdogo wangu alipoanza kuota meno na kulia mchana kutwa.

"Nenda kwa jirani ukaombe ule mfupa," mama akaniambia.

Ulikuwa mfupa mmoja tu wa mbuzi, unazunguka nyumba zote. Mtoto yeyote akiota meno, analetewa atafune. Nilipewa ukiwa umefungwa kamba ya kiatu, wa manjano, unateleza, unanuka mafuta yaliyochacha na mate ya watoto wa watu. Niliubeba kwa vidole viwili. Mama akaupangusa kwa leso, basi, akamtia mtoto mdomoni. Kilio kikakatika papo hapo. Akaung'ang'ania kwa ufizi, udenda ukimchuruzika hadi mkononi mwangu.

"Mama, huu ni uchafu! Ploti nzima imeulamba!"

Mama akacheka hadi akashika ukuta.

"Huo ni wa supu niliyopikiwa nilipokuzaa wewe," akasema. "Mate ya kwanza hapo ni yako."