Njia ya Palani

Mama alipasuliwa moyo katika mji mmoja wa kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu, na munganga akatukataza kupanda ndege kabla ya wiki nane kwisha. Mimi ni mtu wa kutembea. Kwetu Masisi nilikuwa nauza maharage, napanda kilima hiki na kushuka kile, soko hadi soko, na siku nikishinda nyumbani mama alikuwa ananishika paji la uso kuona kama nimepata malaria. Sasa nikawa nimefungiwa katika chumba chenye vitanda viwili na feni, kwa mjane mmoja aliyepangisha wagonjwa wa mbali, nikingoja kifua cha mama kifunge.

Ningevumilia kama simu ingelia. Siku ya nne baada ya operesheni, kaka yangu alinipigia kutoka nyumbani. Alisema haraka haraka kwamba watu wa kijiji cha juu wameteremka na magodoro wakikimbia vita, kwamba wao wa nyumbani pia wanafunga mizigo kuelekea Walikale, na kwamba baba hataki kuondoka. Rezo ya simu ikakatika. Tangu hapo kila nikipiga, sauti ileile ya mwanamke ilinijibu kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Sikumwambia mama. Munganga alikuwa ameonya asipate mshtuko, nami nikajipa kazi ya kuwa na wasiwasi kwa niaba ya watu wawili. Nilitembea toka mlangoni hadi dirishani, nikarudi. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Mama aliniangalia kutoka kitandani, amekumbatia ule mto mdogo waliompa hospitalini wa kukandamiza kifuani akikohoa, wala hakuuliza kitu.

Asubuhi moja, kabla jua halijatoka, niliamshwa na ngoma na moshi. Nilifungua dirisha. Mbele ya kila nyumba palikuwa na moto. Watu walikuwa wanatoa mikeka, vikapu na magunia, wanatupa ndani ya moto, na watoto wanakimbia barabarani wakipiga vigoma. Sikufikiri kabisa, mikono ilishajua kazi yake. Nilitia pasipoti, dawa na karatasi za hospitali ndani ya kitenge, nikafunga, nikamshika mama chini ya makwapa nikamwambia aamke, tunaondoka. Aliamka bila kuuliza tunaenda wapi, kama alivyoamka kila mara tulipokimbia kwetu. Alitafuta kandambili kwa miguu, akabana mto wake kifuani, tukatoka.

Tulifika hadi kwenye lango. Mama mwenye nyumba, yule mjane, alikuwa amechuchumaa pale, anachora maua chini kwa unga mweupe uliotiririka katikati ya vidole vyake. Aliona mzigo mgongoni kwangu, akaona mgonjwa aliyevaa kandambili, akasimama na kumwita binti yake. Huyo binti alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nasi wawili tulielewana kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Alinieleza polepole, kama anavyoeleza watoto wake darasani. Siku ile inaitwa Bhogi. Watu wanachoma vitu vikuukuu vya nyumbani ili sikukuu ya mavuno, inayoitwa Pongal, iwakute wakiwa safi. Hakuna anayefukuzwa.

Nilimtafsiria mama. Aliketi kwenye ngazi, akashusha pumzi taratibu kama walivyomfundisha, kisha akaniuliza:

"Kwetu wamekimbia, eeh?"

"Sijui, mama. Rezo ilikatika."

"Tangu siku gani?"

"Tangu siku ya ine kisha operesheni."

"Nilijua. Unazunguka mu kachumba kama kuku yenye kutafuta fasi ya kutaga."

Hakulia. Alifungua ule mzigo niliokuwa nimefunga, akatoa blauzi aliyoingia nayo hospitalini, yenye doa la dawa ambalo sabuni ilikuwa imeshindwa, akataka niulize kama moto ule unapokea na vitu vya wageni. Mama mwenye nyumba alipoelewa, alimshika mkono, wakaenda wawili hadi motoni. Hakuna aliyejua neno hata moja la lugha ya mwenzake. Kule, mama wanamwita *amma*, na kwa sikio la mama yangu neno hilo lilitosha. Tangu siku ile waliitana hivyo, kila mmoja amma wa mwenzake.

Kesho yake ilikuwa Pongal yenyewe. Ule unga mweupe barabarani ulikuwa umejazwa rangi za pinki, kijani na manjano, na ilibidi niruke kama mbuzi nisikanyage maua ya watu. Uani waliweka chungu kipya juu ya mawe, kimefungwa shingoni majani mabichi ya mmea wa manjano, wakapika mchele wa mavuno mapya kwa maziwa. Wanaacha maziwa yapande mpaka yamwagike. Hapo mama hakuweza kuvumilia. Kwetu msichana anayeacha chungu kifurike anasemwa wiki nzima. Aliinama avute kuni, na mama mwenye nyumba akamzuia mkono huku anacheka. Binti akaeleza kwamba maziwa yakifurika, nyumba nayo itafurika vyakula mwaka wote. Wakati ule ule simu ilitetemeka mfukoni mwangu, nikakimbilia langoni. Ilikuwa tangazo la kampuni ya simu. Nyuma yangu nilisikia watu wote wanapaza sauti kwa pamoja. Niliporudi, povu lilikuwa limeshakauka ubavuni mwa chungu, na mama alikuwa na wali mtamu mdomoni.

Siku iliyofuata ilikuwa sikukuu ya ng'ombe. Mama alikuwa bado hana nguvu za kusafiri, kwa hiyo alinituma mimi pamoja na binti, kwenye kijiji cha mjomba wa huyo binti. Niliona ng'ombe waliooshwa wakang'aa, pembe zimepakwa buluu na nyekundu, shingoni wamevishwa maua, wanalishwa miwa kama wageni wa arusi. Alasiri palikuwa na mchezo wa mafahali. Watu walianza kujaa, wakapanda juu ya malori na mapaa, kelele zikapanda nazo. Mimi nikiona watu wengi wanasukumana mahali pamoja, miguu inaanza kutafuta njia. Nilimwomba binti tuondoke kabla fahali wa kwanza hajafunguliwa. Katika basi aliniuliza, "Akka, chungu kilikupita, mafahali wamekupita. Nyumbani utasimulia nini?" Akka ni dada mkubwa kwa lugha yao. Nilitoa simu nikaiangalia.

Mama alikuwa ananingoja na maswali yake. Alitaka kujua kama pembe zinapakwa hadi chini, kama ni wanaume ao wanawake wanaoosha, kama ng'ombe anayenyonyesha naye anavishwa maua. Sikujua hata moja.

"Nilikutuma uone kwa macho yangu," alisema. "Unarudia na macho yako tu, na yenyewe ilikuwa mu telefone."

Alinigeuzia mgongo. Tangu apasuliwe hakuwa amenikasirikia hata mara moja, na nilifurahi kidogo, maana hasira inahitaji nguvu.

Wiki zikapita. Mama alianza kutembea peke yake hadi barazani, na pale ndipo siku moja alipowaona kabla yangu. Watu walikuwa wanapita barabarani makundi kwa makundi, wanaume kwa wanawake, bila viatu, wamevaa nguo za manjano na kijani, mizigo kichwani na mabegani, vumbi hadi magotini. Wazee walikuwemo, na wamama wenye watoto mgongoni. Nilisimama nyuma ya kiti chake, nikatafuta moshi nyuma yao.

"Hawa watu wanatoka mu vita gani?" mama aliuliza.

Binti alisema hawatoki vitani. Wanakwenda Palani, kwenye kilima cha mungu wao, kwa sikukuu ya Thaipusam. Wengine wanatembea siku tano, wengine zaidi, na kila mwaka wanarudia. Mama aliwaangalia mpaka kundi zima likaisha.

"Kwa hiyo wanatembea juu ya kupenda," alisema. Kisha akaniamuru niende nao. Binti alikuwa anajiandaa kutembea siku mbili za mwisho, na mama mwenye nyumba angebaki na mama. "Weye ndiyo unajua kutembea. Enda. Na usirudie kabla ya mwisho."

Tulitembea. Wanaume walibeba mabegani tao la mbao wanaloliita *kavadi*, limepambwa manyoya ya tausi yaliyong'aa buluu na kijani kila walipogeuka. Wanawake walibeba maziwa kichwani katika vyungu vya shaba. Mbele yangu alitembea mzee mmoja mwenye visigino vilivyopasuka kama matope ya kiangazi, nami niliangalia visigino vile saa nyingi ili nisiangalie simu. Kila hatua chache, watu wa vijiji walikuwa wamesimama pembeni na maji, na maziwa ya mgando yaliyotiwa chumvi, na wali juu ya majani. Walituvuta mikono tukae tule. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa kabila gani wala natoka kilima gani.

Nilikasirika. Nasema ukweli. Maishani mwangu nimeshatembea mara tatu katika barabara iliyojaa watu na mizigo, na mara zote tatu nyumba za kando zilifungwa, ao zilifunguliwa upenyo wa jicho moja. Na hawa, ambao nyuma yao hakuna kitu kinachoungua, wanapewa wali! Nilikula nikiwa na hasira, na bado ulikuwa mtamu.

Siku ya pili mchana simu ilitetemeka. Ilikuwa sauti ya kaka, ujumbe aliourekodi. Nilisimama kando, nikaziba sikio moja kwa kidole. Wamefika Mpofi, kule Walikale, wamelala njiani siku sita, watoto wote wapo. Baba alibaki. Alisema ataondoka akisha kuvuna maharage, na tangu hapo hawajasikia habari zake.

Basi la kurudi lilikuwa linakuja upande wa pili. Niliinua mkono. Binti alisimama akaniangalia. Basi likapunguza mwendo, na mimi nikashusha mkono, likapita. Nilipiga simu ya mama mwenye nyumba, binti akamwomba ampe mama, nikamweleza yote bila kuficha baba.

Nilisikia pumzi ya mama, moja, mbili.

"Nimesikia," alisema. "Baba yako anajua kujificha kuliko panya. Umefika?"

"Bado, mama."

"Basi fika."

Nilifika. Kilima cha Palani kina ngazi mamia, nazo zilikuwa zimefunikwa na watu. Mimi ni Mkatoliki, sikuingia hekaluni, lakini nilikaa katikati ya umati ule mpaka mwisho. Niliona wenye kavadi wakizunguka kwa ngoma, manyoya yanafunguka, jasho na machozi vimechanganyika usoni. Niliona gari kubwa la mbao, refu kama nyumba, likivutwa kwa kamba na watu wasiohesabika, likatikisika, likasimama, likaenda tena. Miguu yangu ilitaka kuondoka mara nyingi. Niliiacha itake.

Niliporudi nilimsimulia mama mchana mzima, na aliponiuliza juu ya visigino vya yule mzee, nilikuwa na jibu.

Tulirudi kwa njia ya Bukavu, maana kwetu hakukuwa na njia. Mama hakuweza kupanda pikipiki kwa ajili ya kifua, kwa hiyo kuanzia Hombo tulipewa nafasi mbele, kando ya shoferi, katika lori la mfanyabiashara wa Butembo, na tope likatuchelewesha siku mbili. Kaka alikuwa anatungoja Mpofi, amekonda. Baba alifika wiki ya tatu, kwa miguu, mwenye jeraha mguuni na gunia la mbegu ambalo hakutaka kumwambia mtu alilipitisha vipi. Mama alimwangalia toka kichwani hadi miguuni, akamwambia kwamba yeye amepasuliwa kifua, na bado baba ndiye aliyechelewa kufika.

Sasa wanabishana. Baba anataka kurudi Masisi kabla mvua kubwa haijaanza. Mama amekopeshwa kipande cha shamba na amekwisha kupanda mihogo, anasema hatoki mpaka aivune. Mimi nauza chumvi na sabuni kati ya Mpofi na Hombo. Siku mvua ikinifungia ndani, nikianza kuzunguka, mama ananipa jembe na kunionyesha mlango.