Fundi Aliyepima Mkono Kabla ya Bastola

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kidevu changu ikiwa bado na povu. Aliyepiga simu alikuwa binti wa mzee fundi, na alisema maneno mawili tu, "Papa ametutoka," kisha akakata simu kama mtu aliyekwisha kulia yote jana yake. Kinyozi alisimamisha wembe, akauliza ni nani. Nikamwambia ni yule fundi wa silaha wa mtaa wa Kamalondo, na yeye akashusha pumzi, akasema ndiye aliyekataa kuitengeneza bunduki ya kuwindia ya mjomba wake mpaka mjomba arudi siku nyingine akiwa hajanywa. Ndivyo ilivyokuwa: nusu ya mji huu ina kisa chake na mzee yule, na karibu kila kisa kina neno "alikataa" ndani yake. Sitamtaja jina. Wanaomjua wamekwisha mjua, na yeye mwenyewe hakupenda jina lake liandikwe popote isipokuwa kwenye karatasi aliyoitia sahihi. Kwenye karatasi ya namna hiyo ndipo hadithi yangu inapoanzia, maana kuna sahihi yake moja ambayo mimi nimeishiriki, na sijawahi kuisema hadharani.

Kwa miaka mingi alikuwa mtunza silaha wa kikosi kimoja cha ulinzi, kile kinachosindikiza malori ya shaba mpaka Sakania, mpakani. Nyumbani, nyuma ya uwanja, alikuwa na karakana yake ndogo ambako alitengeneza bunduki za wawindaji wenye vibali, na kibali chake mwenyewe alikitundika ukutani juu kuliko picha ya harusi yake. Mpaka anafariki, mkewe hakumsamehe kwa hilo. Mzee alichukia vitu viwili, kutu na maneno mengi, na mimi, wasomaji wangu mnanijua, ni mtu wa maneno mengi. Hata hivyo alinivumilia Jumamosi nyingi, nikikaa kwenye kibao chake nikinywa chai yake, yeye akisugua chuma bila kunijibu.

Siku moja kikosi kile kikanunua bastola mpya. Zilikuwa za chuma kitupu, nzito, za bei ya chini, kutoka kiwanda ambacho hakuna hapa mjini aliyeweza kulitamka jina lake. Watu walicheka. Walisema zile ni za kupasulia karanga. Mimi nilikuwa nimekwisha andika nusu ya safu yangu ya gazetini, yenye kejeli, na nilikwenda kwa mzee kutafuta chumvi ya kuimalizia. Nilimkuta na moja mezani. Aliikagua kwanza kuhakikisha haina risasi, akakagua tena, akanilazimisha mimi nami nitazame ndani kwa macho yangu, ingawa ninavaa miwani na sikujua ninatafuta nini. Kisha akaanza kazi. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kila ukingo. Alikivuta kile chuma cha juu kirudi nyuma polepole, sikio lake likiwa karibu, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Alikitikisa kuona kama kinacheza. Aliifungua, akaifuta ndani kwa kitambaa cheupe, akakitazama kitambaa kuliko alivyoitazama bastola. Nje kulikuwa na alama za tupa ambazo hata mimi niliziona, na rangi yake ilikuwa ya sufuria iliyokaa jikoni muda mrefu.

Nilingoja aicheke. Hakucheka. Alinigeuzia ile bastola tumbo juu, akanionyesha mahali ambapo vipande viwili vinasuguana, nako kulikuwa laini kama kioo. "Hawa bantu beko na akili," alisema, akimaanisha watu wa kile kiwanda. "Uchafu baliuacha kule macho inaona. Usafi baliutia kule chuma inakutana na chuma." Halafu akanieleza kwa ufupi, kwa sababu hakujua kueleza kwa urefu, kwamba fedha nyingi ya bastola ghali huishia kwenye kung'arisha ngozi, na kwamba kitu cha bei nafuu kinahitaji jicho kali zaidi, si dharau zaidi, kwani maskini hana cha pili cha kubadilisha. Nilirudi nyumbani nikachana ile nusu safu. Haikuniuma sana, nakiri, kwa kuwa nilikwisha ona kwamba safu ya sifa ingekuwa tamu zaidi.

Lakini kabla sijaondoka tulifanya jambo moja la mwisho. Aliniambia niitazame bastola inavyokaa mkononi. Alifumba macho, akaishika, akainyoosha mbele kuelekea ukutani, akafumbua: alama za kulengea zilikuwa zimenyooka moja kwa moja. Akanipa mimi, nami nikafanya vivyo hivyo, zikanyooka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii inaingia mukono ya kila muntu," alisema, na siku iliyofuata akaitia sahihi karatasi ya kuzipokea bastola zote. Mimi nililichukua lile neno lake nikaliweka kwenye safu, katika sentensi ya mwisho kabisa, mahali pa heshima. Mkuu wa kikosi aliikata ile safu gazetini akaibandika kwenye mlango wa ghala la silaha. Sasa niwaambie kitu ambacho wala yeye wala mimi hatukukifikiri siku ile: mzee alikuwa na viganja vya mtu aliyezaliwa kushika nyundo, na mimi nyumbani kwangu wananicheka kwamba nikivaa glavu zinapasuka.

Miezi ikapita. Jumamosi moja, nikiwa pale pale kwenye kibao changu, akaingia mama mmoja mwenye sare ya kikosi. Mfupi, mwembamba, mjane mwenye watoto watatu, mjukuu wa watu waliotoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Alikuwa ameshindwa mtihani wa shabaha mara mbili, na mtihani wa tatu ulikuwa Jumatatu. Akishindwa, angepoteza kazi, na pamoja na kazi ile nyumba ya kikosi ambamo watoto wake walilala. Aliyasema hayo yote amesimama, bila kulia, kisha akatoa kwenye mfuko wa kifua kipande cha gazeti kilichokunjwa, akakikunjua juu ya meza ya mzee. Kilikuwa safu yangu. Hakujua kwamba aliyeiandika alikuwa pale na kikombe mkononi. Mzee alimwambia, kwa ule ukavu wake, kwamba ile bastola ameipima mwenyewe na haina kosa, kwa hiyo kosa liko mkononi. Mama akaweka kidole kwenye ile sentensi ya mwisho.

"Fundi, gazeti inasema inaingia mukono ya kila muntu. Basi miye siko muntu?"

Chai ilinipalia. Mzee alikwenda kabatini, akaleta bastola ya namna ile ile, akaikagua mara zake tatu, akampa. Mama akaishika. Nami niliona, na mtu yeyote angeona kama angejali kutazama: mpini ulikuwa mnene mno kwake. Ili kidole kifike kwenye kifyatulio ilimbidi auzungushe mkono wake wote pembeni, na mgongo wa bastola ukakaa juu ya mfupa wa kidole gumba badala ya kukaa kati. Kila alipofyatua, chuma kilikuwa kikimkimbia upande mmoja. Mtu anaweza kuwa na jicho la tai na bado akakosa namna hiyo mpaka kiama. Mzee akachana kipande cha mfuko wa saruji, akauweka mkono wa mama juu yake, akauchora kwa penseli ya seremala. Akachora na wake kwenye kipande kingine. Akaviweka kimoja juu ya kingine mbele ya mwanga wa dirisha, na niliona uso wake unabadilika.

"Mama," alisema, "makosa iko yangu."

Siku ile hadi jioni na Jumapili nzima baada ya misa alichonga. Alizitoa zile bapa mbili nene za plastiki zilizofunika mpini, akatengeneza nyingine za mbao, nyembamba, akimwita mama kila mara aje ashike, afumbe macho, afumbue, mpaka alama za kulengea zikanyooka. Jumatatu alikwenda na mama kwa mkuu wa kikosi. Mimi sikuwapo, nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kivyake, na masimulizi yao hayakupishana. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema mama na afanye mtihani kwa bastola yake iliyochongwa, akifaulu mambo yaishe, hakuna haja ya kuandika kitu. Mzee akakataa. Alisema kikosini kuna mikono mingine midogo, ya wanawake na ya wanaume, na wote watahukumiwa kwa ile karatasi. "Shefu, mi nilipima na mukono yangu moja, nikatia sahihi ya mikono yote," alimwambia. Aliomba karatasi ile ya mapokezi, akaandika chini ya sahihi yake kwamba amekosea, na amekosea wapi, akatia sahihi mara ya pili. Mkuu, ambaye naye alikuwa na wakubwa wake wa kuwajibu, alimwomba funguo za ghala siku ile ile, na kazi yake kikosini ikaishia hapo. Mchana mama alipiga shabaha, na matundu yake yote mtu angeweza kuyafunika kwa kiganja kimoja. Hata kwa kiganja chake mwenyewe, aliniambia, akacheka.

Msifikiri mzee aliyapokea hayo kitakatifu. Alinung'unika mwaka mzima. Alimlaumu mkuu, alilaumu kiwanda, alilaumu magoti yake, na mara moja au mbili alinilaumu mimi kwa kuandika vizuri mno. Lakini walinzi walianza kumjia uwanjani kwake, mmoja mmoja, wakiwa na ruhusa na bastola zao tupu, na kabla hajaigusa silaha alichora mkono kwanza, kwenye daftari la shule. Hiyo ikawa desturi yake mpaka mwisho. Hata wawindaji kutoka Lukafu, watu ambao hawajawahi kuchorwa kitu maishani mwao, waliwekewa penseli kuzunguka vidole, wakitazamana na kucheka kwa aibu.

Nimelifikiri sana jambo lile nikitembea mji huu. Buti za mgodini, glavu, usukani wa basi kuukuu, mashine za kushonea, vingi vinatufikia vikiwa vimekwisha pimwa kwa mkono wa mtu mwingine, tusiyemjua. Kitu kikitushinda, hatuulizi kilipimwa kwa nani. Tunamtazama mtu, tunasema mzembe, hana jicho, kazi hii haimfai. Na anayesema hivyo mara nyingi ni mtu ambaye kitu hicho kimemkaa vizuri, kwa bahati yake tu. Fundi yule hakukosea kuhusu chuma. Bastola zile zinafanya kazi mpaka leo, na waliozicheka wamenyamaza. Alikosea kuhusu neno "kila". Na alipoliona kosa alilishika kwa mikono yote miwili, likamgharimu funguo, hakulikunja akaliweka mfukoni.

Mimi nililikunja. Siku ile chai iliponipalia, mama alipokwisha ondoka, nilimwahidi mzee kwamba nitairekebisha ile sentensi gazetini wiki inayofuata. Wiki iliyofuata kulikuwa na habari nyingine, na iliyofuata nyingine, kisha nikaona aibu kurudi nyuma, kisha nikajiambia watu wamesahau. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimekaa miaka yote hii nikiwafundisha wengine kupitia ukurasa huu. Hakunikumbusha hata mara moja. Ningependa angenikumbusha.

Nilikwenda kwenye kilio. Viti vya plastiki vilijaa uwanja, akina mama wakiimba, wawindaji wamekaa upande mmoja na kofia magotini. Yule mama alikuwapo na sare yake. Siku hizi yeye ndiye anayewafundisha wapya kulenga. Binti wa marehemu alinileta karibu na meza ya karakana, akanionyesha daftari. Kurasa na kurasa za mikono, mipana, miembamba, mmoja umekosa kidole, kila mmoja na tarehe yake. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa kulikuwa na mkono mkubwa ambao niliutambua mara moja kuwa wa mzee, na chini yake, kwa maandishi yake ya kuegemea kushoto: "Hii ni mukono moja tu." Yule mama alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, akisoma pamoja nami. Alikuwa amekwisha jua zamani mimi ni nani. Aliniuliza bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza saa.

"Yeye alisema siku ileile. Weye unangojea nini?"

Basi, wasomaji wangu, someni vizuri. Niliandika katika safu hii kwamba bastola ile inaingia mkono wa kila mtu. Si kweli. Iliingia mkono wa fundi na mkono wangu, nami sikuuliza wa mtu mwingine yeyote.