Nukta Baada ya "Nimekosa"

Pale mahakamani walimwita Kamusi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake. Kwa miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa kusoma mashtaka na kuandika majibu, na saa ya chai usingeweza kunywa kwa raha ukiwa karibu naye. Ukisema "dhambi", atakwambia hilo ni la Kiarabu. "Hukumu" nalo ni hivyohivyo.

"Lakini kosa ni letu," angesema, kidole kikiwa juu. "Ni la Kibantu, tumezaliwa nalo. Unamkosea Mungu, unatenda kosa la jinai, unakosa basi. Neno moja, milango mitatu. Ukibisha hodi, angalia umefunguliwa upi."

"Mimi nimekosa sukari tu," mpiga chapa angejibu, na wote wangecheka.

Asubuhi moja alipandishwa kizimbani mama mtu mzima, yaya wa kituo cha watoto yatima. Mtoto wa miaka minne alikuwa ametumbukia kwenye tangi la maji lililochimbwa uani, akafa. Yaya alishtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Kamusi alimjua kwa sura, maana walisali kanisa moja. Kila Jumapili, kwenye sala ya toba, alimwona akijipiga ngumi kifuani na kusema "nimekosa" kama mtu anayemaanisha.

Siku hiyo mashauri yalikuwa thelathini na mawili. Kamusi alisoma shtaka mbiombio, akauliza kama ni kweli au si kweli. Yule mama akaweka ngumi kifuani, palepale anapoiweka Jumapili.

"Nimekosa," akasema. "Nilikosa..."

"Inatosha, mama."

Hakimu, macho yakiwa kwenye jalada jingine, akauliza, "Amesemaje?"

"Amekiri, mheshimiwa."

Akaandika: *Nimekosa*. Akaweka nukta. Yule mama akapewa miaka sita, na aliyekiri hana rufaa ya maana.

Miezi miwili baadaye Kamusi alitumwa gerezani kupeleka hati fulani. Akamkuta yule mama anafagia ukumbi wa wageni, amekonda, anakohoa. Hakumlaumu. Alimsalimia kwanza, kisha akasema:

"Karani, siku ile hukuniacha nimalize. Nilikosa kufuli. Mfuniko wa tangi haukuwa na kufuli, na nilimwomba mkuu wa kituo mara tatu. Mara ya tatu akaniambia niweke jiwe. Nikaweka jiwe. Watoto wakalisukuma."

"Sasa mbona ulianza kwa kusema umekosa?"

Akamtazama kama anayemshangaa. "Mtoto amenifia, baba. Ningeanza na lipi?"

Kamusi alirudi nyumbani. Dawa aliijua: hati ya kiapo, ukurasa mmoja, kueleza kwamba mshtakiwa alikatizwa na kwamba aliyemkatiza ni yeye. Lakini alikuwa amebakiza miezi tisa astaafu, na aibu ya Kamusi kuchanganya maana ya neno analolihubiri kila siku ilimtisha kuliko kufukuzwa. Hapo simtetei, maana hata mwenyewe hajitetei. Aliiandika hati hiyo mara nne, na mara nne akaichana. Akajiambia ataipeleka akishastaafu. Jumapili, watu walipofika kwenye neno lile, yeye alijifanya anatafuta ukurasa.

Mwezi wa saba tangu hukumu, habari ikaja: yaya amefia gerezani, kifua.

Wiki iliyofuata binti wa marehemu, fundi cherehani, alifika kwenye dirisha la ofisi ya Kamusi kuomba nakala ya kesi. Akaisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari, mpaka kikafika kwenye ile nukta na kusimama.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye uliyeandika hapa?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Mama yangu alikuwa msemaji. Kweli siku hiyo alisema neno hili moja tu?"

Angeweza kumwonyesha mhuri. Angeweza kusema kumbukumbu ya mahakama haina swali. Alikwisha kufungua mdomo aseme hivyo, lakini ngumi ikapanda yenyewe mpaka kifuani.

"Nimekosa, mwanangu," akasema.

Yule binti hakulia, wala hakuondoka. Alivuta benchi, akaketi mbele ya dirisha.

"Umekosa nini?" akauliza, kisha akamsubiri amalize.