Siku Niliyomwozesha Maman Nyota Bwana Asiye Wake

Jamani, mkitaka kunicheka mnicheke sasa tumalize, maana Kamembe nzima ilishanicheka, na hadi leo nikipita sokoni kuna maman mmoja ananiuliza kama nimeshamtafutia na yeye bwana.

Mimi ni sekretere wa kanisa letu dogo, lile la ibada ya Kiswahili ambako wengi ni watu wa Bukavu na sisi tuliokulia Kongo tukarudi. Msimu wa arusi ukifika, kazi yangu ni kusimama mbele na kutangaza wachumba ili mwenye kizuizi aseme. Miaka yote nilisoma kwenye daftari. Ila mwaka huu nilikuwa nimejifunza lugha ndogo ya programu, ile unayoiandika humo humo kwenye simu, maagizo machache tu: chora mstari, andika jina, subiri kidole. Nikachora jedwali, safu ya kushoto mabwana, ya kulia mabibi, ukisukuma kwa kidole majina yanapanda, ukigusa mstari unageuka njano na majina mawili yanatokea juu kwa herufi kubwa (nilijiona injinia kabisa, nikamwonyesha hadi dereva wa moto, ile pikipiki ya abiria). Nililijaribu na jozi nne za wachumba, wakaenea wote kwenye kioo, kila kitu sawa. Basi Jumapili hiyo nikaacha daftari nyumbani, kwa makusudi.

Wachumba walikuwa jozi saba. Jozi nne za kwanza nikazisoma vizuri, watu wakapiga makofi, nikasukuma kioo kwa madaha, nikagusa mstari, nikasoma kwa sauti ya redio: "Kijana wetu Patrick wa Nzahaha anatarajia kufunga ndoa na Maman Nyota, mjane."

Maman Nyota amepita miaka sitini, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Patrick hajafika thelathini, na mchumba wake Espérance alikuwa pale pale kwenye kwaya, mdomo wazi. Baba wa binti akasimama.

"Sekretere! Mutoto yangu iko wapi?"

(Kumbe ukisukuma, mabibi walikuwa wanapanda mstari mmoja zaidi ya mabwana, kila bwana akaangukia bibi wa mwenzake wa chini. Zile jozi nne zangu za majaribio hazikuhitaji kusukumwa, kwa hiyo kosa sikuwahi kuliona.)

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikagusa mstari wa chini yake, nikidhani huo ndio utaniokoa, nikasema, "Samahani, nilitaka kusema Mzee Kalimba wa Gashonga, na... Divine." Divine ana miaka ishirini na mbili! Shangazi zake wakapiga kelele kwa pamoja, "Yesu wee!", na baba Espérance, ambaye alimkataa Patrick mwaka mzima kabla ya kulegea, akamshika binti yake mkono kumtoa nje. Espérance alikuwa analia. Mimi nimesimama na simu yangu kama mwizi aliyekamatwa nayo.

Hapo ndipo Maman Nyota aliposimama, taratibu, akifunga kitenge chake vizuri.

"Pasta, mimi sikatale," akasema, "lakini muulize kwanza ule kijana kama ataweza kuamuka saa kumi ya asubui kuenda kununua sambaza."

Kanisa likalipuka. Patrick akacheka, Espérance akacheka na machozi yake, na baba yake, bado kamshika mkono, nikaona mabega yameanza kutikisika, akakaa chini.

"Bwana yangu ni huyu Kalimba," Maman Nyota akaendelea. "Kila muntu arudilie wake. Sekretere, soma tena, pole pole."

Mzee Kalimba akasimama kando yake. Nikazitangaza tena jozi zote tatu zilizobaki, kutoka kichwani, na makofi aliyopigiwa Maman Nyota yalipita ya wengine wote.

Baada ya ibada pasta aliniita, nikajua kazi imekwisha. Akaniuliza tu, "Unajua Maman Nyota aliniomba nini wiki iliyopita? Jina lake lisomwe haraka, katikati ya bengine, juu anaogopa bantu batamucheka kuolewa na uzee."

Kesho yake nikamfuata kwenye meza yake ya sambaza kuomba msamaha, nikamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Niliona unazama pale mbele," akasema. "Na ule papa ya Espérance alikuwa anaenda kuvunja arusi ya batoto. Bantu bangenicheka tu siku moja. Heri banicheke na faida."

Arusi zote saba zilifungwa. Jedwali nimeliandika upya, kila bwana na bibi yake nimewafunga pamoja hata usukume vipi hawaachani, na silipeleki mbele ya watu kabla ya kulijaribu na majina mengi hadi kidole kichoke. Ila mashine au si mashine, nimeapa jambo moja kwa ajili ya yule mama: nikifika kwenye jina la mjane au la mzee, sisomi haraka.