Amri ya Kutoka

Wageni humwita Mama Funguo, na yeye hufurahi kuitwa hivyo, ingawa nusu ya funguo zile hazifungui chochote. Anazining'iniza kiunoni kwa ajili ya mlio tu. Jela yetu ilifungwa zamani, siku hizi ni makumbusho; yeye anatembeza wageni, mimi nakata tiketi getini. Ana mdomo huyo! Akikosa mgeni wa kumtania, atanitania mimi.

Mahali wageni wanapopapenda kuliko kote ni seli ya giza, mwisho wa korido ya chini. Haina dirisha, na mlango wake ni wa chuma. Mama Funguo huomba mgeni mmoja ajitolee, humfungia humo kidogo, kisha hugonga mlango kwa ufunguo mkubwa na kunguruma: "Nyuma! Ukutani!" Wageni huvunjika mbavu. Halafu picha sasa! Watu wanatabasamu mahali ambapo wenzao walilia. Huwa naudhika, lakini mchezo ule ndio unaoleta wageni, kwa hiyo nafyata mdomo.

Sauti ile hakuibuni. Ni ya baba yake, aliyekuwa askari jela hapahapa, kwenye korido ileile. Hilo wageni hawaambiwi. Mimi mwenyewe nililijua siku nilipokwenda kwake kumjulia hali mzee huyo, nikamsikia akiagiza maji ya kunywa kutoka chumbani. Nilijikuta nimesimama wima.

Asubuhi moja akaja mzee mrefu mwenye mkongojo, ameshikwa mkono na binti yake. Binti ni muuguzi, bado alikuwa na sare ya kazini. Wakati namkatia tiketi aliinama dirishani.

"Kaka, baba alifungwa hapa, enzi zile za siasa. Hajawahi kurudi tangu atoke. Moyo wake si mzima, lakini amekazania kuja."

"Umemweleza mama anayewatembeza?"

"Amenikataza. Hataki kuonewa huruma."

Wakaingia na kundi lao. Nilijaribu kuendelea na kazi, roho ikakataa. Foleni ilipopungua nikamwachia mlinzi dirisha, nikachukua chupa ya maji, nikashuka mbio.

Nilichelewa. Mama Funguo alikuwa ameomba mtu wa kujitolea, na mzee ndiye aliyenyoosha mkono. Nilipotokea kwenye korido mlango ulikwisha fungwa, wageni wamejipanga na simu zao. Nilimpungia mkono asigonge. Akadhani namsalimia. Akagonga.

"Nyuma! Ukutani!"

Watu wakacheka. Akafungua mlango. Hakutoka mtu.

Mzee alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya mbali, uso ukutani, mikono kichwani. Mkongojo ulikuwa chini. Pumzi zake tulizisikia kutoka mlangoni.

Binti akaingia mbio. "Baba, twende. Baba, ni mimi." Alipomgusa bega, mzee akazidi kujikunja. Akampima mapigo shingoni, kisha akatutazama, na uso wake ulinitisha kuliko maneno yake. "Moyo unakwenda mbio mno. Dawa ninayo, lakini hafungui mdomo."

"Shikamoo, baba," Mama Funguo akasema. "Ni mimi tu, ninayewatembeza. Nimekosa, baba yangu. Mlango uko wazi."

Mzee hakugeuka. Nikawafukuza wageni juu. Mmoja alikuwa bado anarekodi; niliyomwambia hayaandikiki.

Niliporudi, binti alikuwa amemshika Mama Funguo mkono. "Mama yangu alitusimulia. Baba alipoachiwa, alikuwa hatoki chumbani mpaka aambiwe. Anasubiri amri, dada. Mpe."

"Mimi?"

"Kwa sauti ileile."

Mama Funguo akanigeukia. "Siwezi," akasema. "Ule ulikuwa mchezo."

"Kwake si mchezo. Atanifia humu!"

Niliogopa, sifichi. Niliogopa mzee asitoke, na niliogopa kuisikia sauti ile bila kicheko nyuma yake. Mama Funguo alizishika funguo zake zote zisilie. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akavuta pumzi.

"Simama!"

Mzee akasimama.

"Geuka! Toka nje!"

Akageuka. Alitoka ameinamisha macho, mikono bado kichwani, akampita binti yake kama hamjui. Alipofika mbele ya Mama Funguo akasimama.

"Asante, afande," akasema.

Tulimkalisha kwenye benchi uani, tukamrudishia mkongojo wake. Binti akamwekea kidonge chini ya ulimi, mimi nikamshikia chupa ya maji. Taratibu pumzi zikatulia, na zilipotulia ikaja aibu. Akaanza kunyoosha shati lake, tena na tena, hatutazami.

Mama Funguo akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe, baba."

Mzee akamwangalia. "Sauti ile umeitoa wapi?"

Nilimwomba Mungu Mama Funguo adanganye. Mwanamke yule ana uongo mtamu kwa kila mgeni. Mmoja tu ungetosha.

"Ni ya baba yangu," akajibu. "Alikuwa askari wa korido ile."

Binti akafumba macho. Mkono wa mzee ulioshika mkongojo ulikuwa umekaza hadi mishipa ikasimama, na mimi nikajisogeza, sijui nikidhani nitazuia nini.

"Yu hai?"

"Yupo. Naishi naye. Miguu imekataa, siku hizi ni wa kulishwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Binti akamwinua, wakaanza kwenda getini polepole, naye Mama Funguo amebaki palepale amepiga magoti. Kabla hawajafika mbali mzee akasimama. Hakugeuka.

"Mwanangu," akasema, "ukifika nyumbani, usimwambie baba yako kwamba bado namtii."